Kilio Tulichokikimbia Kamilenge

Hewa Bora, Lubumbashi
Tarehe 8 Julai 2024

Mpendwa mama mukubwa Germaine,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo wote wa mtoto uliyemlea. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba unapanda kile kilima cha kanisani ukishika bega la mtu. Na baba mukubwa Liévin, kikohozi kimemwacha? Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba imeshika kweli. Asubuhi watu wanatembea na blanketi mabegani, na kila jiko la makala, makaa ya miti, limezungukwa na mikono.

Sisi kwa upande wa mwili tuko wazima. Aristote amenipita urefu, na sauti yake imekuwa nzito hata akiita mlangoni nadhani ni mgeni. Bénie ameng'oka meno ya mbele, sasa anacheka akifunika mdomo. Samaki wakavu uliowatuma walifika salama. Tuliwala na bukari ya unga wa mahindi, na watoto wakaniuliza kwa nini tuliondoka Kalemie sisi watu wa huko.

Barua hii anakuletea Jean-Claude, yule mtoto wa jirani yetu anayefanya kazi kwenye reli. Nimemwambia aiweke mikononi mwako mwenyewe, si mikononi mwa mwingine. Ukiimaliza, msomee baba mukubwa. Wengine utaona wewe.

Mama, juzi ulinipigia simu ukifurahi. Ulisema wamama wa shirika lenu la parokia wameweka nia ya misa kwa ajili ya kazi ya mume wangu Caleb, ingawa yeye si Mkatoliki, kwa sababu wewe umewaambia jinsi Mungu anavyomtumia. Nilikujibu «asante, mama», kisha nikasema simu haina moto, betri imekwisha. Simu ilikuwa na moto. Nilikosa tu uso wa kuendelea kusema nawe. Sasa nakuandikia ujue vile mambo yalivyo, ili watu wasiombee kitu wasichokijua.

Unakumbuka siku ya mahari. Baba yangu alikuwa amekataa kabisa. Alisema ukoo wa watu wa reli walioshika rozari tangu babu zao hauwezi kumtoa binti kwa mtoto wa kanisa lingine. Wewe ndiwe uliyesimama ukasema kwamba kijana huyu anamcha Mungu na hatamwaibisha mtoto wetu. Neno hilo ndilo linaloniuma ninapoandika.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, na hilo sitalikana. Kanisa la misheni lilimtuma Caleb Kamilenge, kijiji kile cha upande wa Kambove ambacho hukupata kufika. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma, na kati ya hayo mawili palikuwa na mihogo. Watu walikuwa wakulima, wengine wachoma makala, na vijana walikwenda kwenye machimbo na kurudi wakiwa na vumbi masikioni. Jumapili, karibu kijiji chote kilikuwa ndani ya kanisa lile moja. Wakatoliki walikuwa nyumba chache, na katekista wao alikaa mbali. Waislamu walikuwa jamaa ya Rachid tu, mwenye duka, ambaye watu wake walitoka Maniema zamani.

Huko nilipata rafiki anayeitwa Chishimba. Mume wake ni André, mchoma makala, mtu wa maneno machache. Chishimba alinizidi umri, lakini hakunifanya mtoto. Alinifundisha kulima udongo ule mwekundu na kutofautisha uyoga wa kula na ule wa kuua. Bénie alipokaribia kuzaliwa, mvua ilikuwa imekata barabara na pikipiki haikuweza kupita. Chishimba ndiye aliyempokea mtoto huyu kwa mikono yake, akamfunga katika kitenge chake cha kanisani. Nilikwambia habari hiyo wakati ule, nadhani hukuisahau.

Kisha Caleb akagombana na wakubwa wake wa kanisa. Sitasema nani alikuwa na haki. Mwanzo nadhani alikuwa nayo yeye, maana walimwahidi vitu vya kazi na hawakumpa, na alipouliza walimjibu kama mtumwa. Lakini ugomvi ulianza kumfurahisha. Alisimama mbele ya watu akawaambia kwamba kanisa lile limekufa, na anayebaki katika nyumba ya maiti atanuka maiti. Jumapili iliyofuata tulitoka. Zaidi ya nusu ya watu walitufuata. Tulijenga kibanda cha miti na turubai upande wa pili wa barabara, hata wale waliobaki waliweza kutusikia tukiimba juu ya nyimbo zao.

Kijiji kikakatika vipande viwili, mama. Watu wa nyumba moja walikula sahani mbali mbali. Wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja walianza kungojeana waondoke. Mimi niliona, lakini nilikuwa mke wa pasta na niliongoza korali, na korali yetu ilikuwa imejaa. Kujaa kule kulinipendeza.

Mwaka jana wakamwita Caleb huku Hewa Bora. Kulikuwa na kikundi cha watu wa maombi kilichokosa kiongozi. Walimpa mahali pa kuabudia penye saruji chini na vipaza sauti. Siku ya kuaga Kamilenge alisimama chini ya turubai akasema: «Siwaachi. Mbele ya mvua kuanza nitawaletea mutumishi, na miye mwenyewe nitakuwa narudia kila mwezi.» Watu wakaamini. Chishimba alitupikia kuku, akatufungia unga wa njiani.

Hakurudi hata mara moja. Mtumishi hakupatikana. Mvua ilinyesha, turubai ikapasuka, na miti ya kibanda watu wakaichukua kwa kuni. Wengine walirudi kanisa la zamani kwa aibu. Huko waliwekwa chini ya nidhamu, ndiyo kusema wanakaa benchi la nyuma, hawaimbi katika korali, hawafiki kwenye meza ya Bwana mpaka wazee waone wametubu. Wengine walienda kwa Wakatoliki. Vijana wengi hawakwenda popote. Chishimba alikataa kuhama. Walipomwambia arudi, alijibu kwamba pasta alisema atakuja, na yeye hawezi kumfanya pasta mwongo.

Habari hizo zilitufikia kidogo kidogo. Nilipomkumbusha Caleb alisema ndiyo, ndiyo, mwezi ujao. Siku moja alinijibu kwa hasira, na kwa hasira ile nikatambua kwamba anaogopa macho ya watu wale. Mtu akichelewa kidogo anaweza kuomba radhi. Akichelewa sana anaanza kuchukia wale wanaomdai radhi. Caleb alifika hapo, na mimi nilimfuata.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano. Tulikuwa na mkutano mkubwa wa maombi, na mhubiri mgeni alikuwa anakuja kutoka Zambia kupitia Mokambo. Mchana ule Caleb alikuwa amekaa sebuleni akipiga viatu rangi, na mimi nilikuwa napasi shati lake. Simu yake ililia. Akaangalia jina, akaisogeza kwangu juu ya meza. Alikuwa André. Caleb alinitikisia kichwa na kuninong'oneza niseme hayuko.

Nikapokea. André alisalimia vizuri kama siku zote, akauliza watoto. Kisha akasema: «Mama pasta, Chishimba ametutoka. Tunangojea pasta aje kutuzikia.»

Mama mukubwa, mtu aliyempokea mwanangu alikuwa amelala juu ya mkeka bila pumzi, na mimi nilishika pasi mkononi. Nikasema: «Pole sana, baba. Pasta hayiko. Amesafiri.»

André akasema: «Haizuru. Tutangojea.»

Nilimwambia Caleb. Alishika kichwa kwa mikono miwili, na najua alihuzunika, kwa maana alimpenda Chishimba. Lakini akasema angefanya nini, mgeni yuko njiani, watu wamekwisha kualikwa, na Kamilenge kuna pasta wa kanisa la zamani, atazika. Nilimaliza kupasi shati. Jioni nilivaa kitambaa cheupe nikaimba. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona haya kuliko zote: niliimba vizuri.

Siku zilizofuata simu ya André haikulia tena. Tulijiambia kwamba mambo yamekwenda.

Kisha Rachid alikuja mjini kununua vitu vya duka lake. Alinitafuta nyumbani, akakataa kiti, akasimama mlangoni akinieleza. Walingoja siku ile na siku iliyofuata. Pasta wa kanisa la zamani alifika kilioni kama jirani, lakini hakuvaa joho. Alisema mwanamke huyu alitoka kwa miguu yake mwenyewe, hakutubu, na sheria ya kanisa haimruhusu kumzika, wala korali kuimba. Walimtuma mtu kwa katekista wa Wakatoliki, hakumpata. Joto la mchana lilikuwa bado kali, na watu wakaanza kuogopa.

«Mama, miye ni Mwislamu,» Rachid aliniambia. «Maombi yenu siyajue. Lakini maiti hayiwezi kungojea bantu wa kanisa waelewane.»

Alikuwa ametoa sanda dukani mwake, akawaita wanawe na vijana wa machimbo, wakachimba na kubeba. Kaburini hakuna aliyejua nani aseme. Watu wa kanisa la zamani walisimama kando, wakiangalia wazee wao. Wale wetu, ambao walikuwa wameshazoea kukemewa, hawakuthubutu kufungua mdomo. André mwenyewe akaanza Baba Yetu. Alifika katikati akakwama, akaanza tena tangu mwanzo, akakwama tena. Rachid alisema ilimuuma kuliko vilio vyote alivyoviona, kwa maana palikuwa na watu wengi pale walioijua sala ile.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama Caleb alirudi salama kutoka safari yake, kwa sababu André alimwambia pasta amesafiri. Nikasema amerudi. Hata hapo nilidanganya tena, mama, mbele ya mtu aliyefanya kazi yetu.

Nilikaa siku kadhaa nikiwa kama mgonjwa. Kisha nilimwambia Caleb kwamba nakwenda Kamilenge. Aliniuliza nitasema nini huko. Alisema kama nimeamua niende kimya, nisije nikaharibu kazi. Aristote na Bénie niliwaacha kwa jirani. Nilipanda gari mpaka Likasi, kisha Kambove, na kutoka Kambove nikachukua pikipiki. Njia nzima vumbi lilinipiga usoni, na nilifurahi kwamba nitafika bila kutambulika mara moja.

André alikuwa ameketi nje ya nyumba. Alisimama, akanipa kigoda, akaleta maji kwenye kikombe. Akauliza habari za watoto, za Bénie hasa. Nilimpa pole, akapokea. Tulikaa. Kuku walipita kati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Likasi, na yote yalikuwa yamekwisha.

Nikasema: «Baba André, siku ile ulipopiga simu, pasta alikuwa ndani ya nyumba.»

«Nilijua,» akajibu. «Nilisikia alikohoa.»

Sikuweza kuinua kichwa. Aliendelea polepole, bila hasira: «Njo maana nilisema tutangojea. Nilifikiri atasikia haya, atakuya.»

Mama, nilitegemea anifukuze. Badala yake alikwenda jikoni mwenyewe, mwanamume mjane, akaniwashia moto nipike, kwa sababu hakuna mwingine wa kunipikia. Nilipika sombe ya majani ya mihogo katika chungu cha Chishimba. Kijiko chake cha mti kilikuwa bado kimechomekwa kwenye ukuta. Tulikula pamoja na dada yake André aliyerudi jioni kutoka shambani, ambaye hakusema nami mpaka nilipoondoa sahani, na hata hapo aliniambia tu mahali pa kuziweka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kanisa la zamani, lile la matofali ya kuchoma. Mlangoni mwanamke mmoja wa korali alinishika mkono anipeleke mbele, kwenye kiti cha wageni, maana bado mimi ni mama pasta hata kama ni wa kanisa jingine. Nilimwomba aniache. Nikaenda kukaa benchi la nyuma, pamoja na wale waliotufuata.

Usifikiri walinipokea kwa machozi. Mama mmoja ambaye nilimfundisha sauti ya pili aliinuka akahamia ncha nyingine. Wengine walitazama mbele kama sikuwepo. Ibada ilikuwa ndefu. Wakati wa meza ya Bwana watu wa mbele walisimama mstari kwa mstari, na sisi tulibaki tumekaa, na kila aliyerudi mahali pake alitupitia kwa macho. Nilikaa pale mara moja tu. Wao wamekaa hivyo miezi na miezi, kwa sababu walimwamini mume wangu. Baridi ilikuwa inatoka chini ya sakafu. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alisogeza nusu ya kitenge chake juu ya magoti yangu. Hakuniangalia, wala baadaye hakunisalimu.

Baada ya ibada nilizungumza na pasta wa kanisa lile. Nilimwambia makosa ni yetu, wale watu wapunguziwe. Alinijibu kwa adabu kwamba ataongea na wazee. Uso wake haukuwa mgumu kama nilivyofikiri. Nadhani naye hajalala vizuri tangu maziko yale, kwani aliniuliza mara mbili kama André ananisemesha.

Nilirudi Lubumbashi nikamweleza Caleb yote. Nilipofika kwenye lile neno la kukohoa, aliondoka akaenda kusimama uani. Alikaa huko kwa muda mrefu. Nikamwona kupitia dirishani akigusa ukuta wa lupango, uzio wa nyumba yetu, kama mtu asiyeona. Nikamwonea huruma, nikashukuru Mungu, nikajiambia kwamba sasa atakwenda.

Lakini Jumapili iliyofuata alisimama madhabahuni akaanza kusimulia. Alisema kuna kondoo mmoja alikufa kijijini akimngojea mchungaji wake. Alisema yeye ndiye mchungaji yule. Akalia kweli, machozi yenye chumvi, mimi namjua. Mpiga kinanda akaanza kupiga taratibu chini ya maneno yake. Watu wakalia, wakainuka, wakapiga mikono, wakasema huyu ni mtumishi wa kweli anayejinyenyekeza. Wakapaza sauti amina, amina. Na kadiri walivyopaza, sauti yake ilizidi kupanda, akaanza kusema vizuri. Nilimwangalia nikaona kwamba mzigo unamtoka mabegani pale pale, hapo Hewa Bora, mbele ya watu ambao hawakupata kumwona Chishimba.

Sijui nani aliniinua. Mimi si mwanamke wa kusimama mume wangu anaposema, wewe hukunilea hivyo. Nilisimama nikasema, bila kipaza sauti: «Munapiga mikono juu ya nini? André hayiko hapa. Siku ile pasta alikuwa nyumbani, na miye njo nilisema amesafiri. Bantu ya Kamilenge hawajaambiwa hata neno.»

Kinanda kikanyamaza. Mtoto fulani akacheka, mama yake akamziba mdomo. Caleb alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akafunga Biblia yake, akasema tuombe, na sala ilikuwa fupi.

Mchana wazee watatu wa kanisa walikuja nyumbani na wake zao. Walisema nimemvua mtumishi wa Mungu nguo hadharani, na kwamba mambo ya nyumba huongelewa nyumbani. Walitaka niombe radhi Jumapili inayofuata. Nilikaa chini nikiwasikiliza. Na hapa, mama, usinipongeze. Nilimfichulia mume wangu aibu mbele ya watu, na nilipofanya hivyo kulikuwa na kitu kama furaha ndani yangu, ndogo na chafu. Niliitambua baadaye. Nilitaka nisiwe peke yangu katika haya. Niliwaambia wazee kwamba kwa namna nilivyosema nitaomba radhi, lakini nilichosema siwezi kukirudisha. Waliondoka bila kunywa chai.

Caleb hakunisemesha siku ile wala iliyofuata. Alikula, alisali na watoto, alilala akiugeukia ukuta. Kisha asubuhi moja nilimkuta amevaa viatu vya shambani, vile vya zamani, ambavyo nilidhani tulikwisha kuvigawa. Aliniuliza pikipiki za Kambove zinasimama wapi siku hizi. Hakuchukua joho wala Biblia kubwa. Hakunialika.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwake mwenyewe na kwa Rachid, na yanafanana. Alimkuta André kwenye tanuri lake la makala, akitia udongo. Caleb alipiga magoti pale pale kwenye majivu, akaanza kuomba radhi, na unajua maneno yake yanavyotoka kama mto. André alimwacha aseme kidogo, kisha akamkatiza.

«Nilikuita kwa maziko, pasta. Maziko imekwisha.»

Caleb akamuuliza sasa afanye nini. Alitaka wamwachie asali kaburini, au aitishe watu aseme nao. André akakataa yote mawili. Alisema watu wamechoka kusemeshwa. Akachukua koleo, akaendelea na tanuri lake, na Caleb alibaki amepiga magoti mpaka mwenyewe akaona hana sababu ya kubaki hivyo, akainuka.

Alilala kwa Rachid, katika ghala la duka, kati ya magunia. Siku iliyofuata alirudi kwa André. André hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Jumapili alikwenda kanisa la zamani. Walipomwona akielekea nyuma, wale waliokuwa kwenye benchi hawakumsogelea wala hawakumpa mkono. Walijibana tu, wakamwachia nafasi ya kukaa nusu ya mwili. Pasta wa kanisa alimuuliza mbele ya wote kama anataka kusalimia. Caleb akatikisa kichwa kukataa.

Alirudi hapa jana akiwa amekonda. Mkutano wa wazee wa Hewa Bora utamhukumu wiki hii. Wengine wanataka aendelee kana kwamba hakuna kitu, wengine wamekwisha kumtafuta mtu mwingine. Sijui tutaishi wapi wala katika kanisa gani. Aristote ananiuliza anapoulizwa shuleni aseme yeye ni wa dhehebu gani, na nimemwambia aseme bado tunazungumza. Wewe uliyebatizwa, ukapewa komunyo, ukaolewa na utakayezikwa na kanisa moja, utaona sisi ni watu wa ajabu.

Wewe waambie wamama wa shirika ukweli, kwa kiasi utakachoona kinafaa. Kama nia ya misa haijasomwa, mwombe padri aweke jina la Chishimba mahali pa jina la Caleb. Sijui kama sheria yenu inaruhusu, kwa mtu aliyekufa nje ya kila orodha. Jaribu.

Msalimie baba mukubwa Liévin, umwambie nimemkumbuka kwa kikohozi chake na asivue sweta mapema. Msalimie dada Rehema wa sokoni na mama yake. Wasalimie wadogo zangu wote, mmoja mmoja kwa jina. Usimfiche baba yangu barua hii akija kukutembelea. Alikuwa na haki ya kuogopa, ingawa aliogopa kitu kingine.

Nikumalizie habari moja. Mwisho wa mwezi wa nane ni siku ya matanga, ya kumaliza kilio cha Chishimba. Wamama wa kanisa la zamani wamekubali kuimba, bila sare. Caleb alipokuwa anaaga Kamilenge, alimuuliza André kama siku ile anaweza kuja. André alifikiri, akamjibu: «Bantu watakuwa mingi. Tutakosa mutu wa kuchota mayi. Ukitaka, ukuye.»

Caleb amenunua madumu mawili. Tutakwenda wote wanne.

Mungu aliyekupa mikono ya kunilea akuongezee siku, na amani iwakute hapo mlipo, nyote mnaokula chungu kimoja.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda hata ninapokosa uso wa kukutazama,

Syntiche